Nyama ya chumvi ya bucha lile la Boston: "Ni nyama tu, chemsha"

Nilishaapa siandiki. Baba watoto kaniambia niachane nayo, ni nyama tu. Basi hilo neno ndilo lililonipandisha upya, kwa sababu "ni nyama tu" ndivyo alivyonijibu yule kijana wa bucha mbele ya foleni ya watu, na halijanitoka rohoni. Kwa hiyo naandika. Nyota moja.

Mimi natunza wazee hapa Boston, mwaka wa ngapi sijui. Kila ikikaribia tarehe 17 Machi mji huu unavaa kijani mpaka mbwa. Ni sikukuu ya Mtakatifu Patrick wa Waayalandi, na bahati yao siku hiyohiyo ndiyo jeshi la Waingereza lilipoondoka Boston mwaka 1776, kwa hiyo hata ofisi za mji zinapata sababu ya kufungwa. Na chakula cha siku hiyo ni kimoja: kidari cha ng'ombe kilicholala kwenye maji ya chumvi siku kadhaa, kikachemshwa na kabichi, karoti na viazi. Miaka yote nilikuwa napita pembeni. Mwaka huu bibi mmoja ninayemhudumia akanishika mkono, akaniambia kwa siri kama anayenipa urithi: usinunue ile nyekundu, hiyo ya wageni, tafuta ya kijivu.

Maana ziko mbili. Nyekundu imetiwa naitraiti, ile dawa ya kuhifadhi nyama, ndiyo maana hata ikiiva mpaka ikakatika inabaki na rangi ya waridi, watu wasiojua wanadhani mbichi. Ya kijivu ndiyo ya watu wa zamani wa Boston. Haitiwi hiyo kitu, chumvi inalinda nyama peke yake, na chumvi iliyoachiwa kazi yote peke yake si chumvi ya mchezo. Hili la mwisho bibi hakuniambia. Nilikuja kuambiwa na ulimi wangu.

Nikaenda bucha. Silitaji, wenyewe watajijua. Ni duka la zamani, sakafu ina vumbi la mbao, nyuma kuna pipa la maji ya chumvi na mtu anazamisha mkono mpaka kiwikoni anatoa kipande kinachovuja. Nilipenda, sitasema uongo. Harufu ya karafuu na mbegu za haradali ilinikumbusha duka la viungo la Mhindi pale Barabara ya Saba, Tanga. Nikachagua kipande cha ratili nne chenye mafuta upande mmoja. Nikauliza kwa adabu zangu zote: samahani, hii inalowekwa kwanza? Na inakaa jikoni muda gani?

Kijana hakuinua hata uso. "Ni nyama tu, bibie. Unachemsha." Kisha akamtupia jicho mwanamume aliyekuwa nyuma yangu, mwenye kofia ya kijani, wakacheka. Wote wawili. "Anayefuata!"

Mimi nimezaliwa pwani. Nimepika shughuli za watu mia mbili. Kuna masufuria nimeyakoroga kwa mwiko mrefu kuliko huyo kijana. Leo nachekwa kwa kuuliza namna ya kuchemsha nyama! Nikalipa, nikatoka, na kwa hasira sikutaka kumuuliza mtu mwingine yeyote. Kosa langu la kwanza, kama kweli ni langu.

Jumapili hiyo nilikuwa na wageni. Mama mkwe amekuja kututembelea kutoka nyumbani, shemeji kaja na mkewe. Nikasema nitawapikia cha hapahapa, waone. Nikaiweka nyama sufuriani kama ilivyotoka kwenye karatasi, maji juu, moto mkali. Ikatokota kwa kishindo, povu likapanda, mfuniko ukawa unacheza ngoma. Baada ya saa moja na nusu nikatia kabichi, viazi na karoti humohumo, ndivyo nilivyoona kwenye picha. Sikuonja. Mpishi asiyeonja, naam, ni mimi.

Nikatenga. Nyama imesinyaa, ratili nne zimebaki kama mbili na nusu, kumbe nilinunua maji. Kisu kinaingia kwa kubembelezwa. Mama mkwe akauliza jina la chakula, nikamwambia corned beef. Akatazama sahani huku na huku, akauliza mahindi yako wapi. Shemeji, ambaye hakosi somo, akaanza: siyo mahindi mama, zamani neno hilo la Kiingereza, corn, lilikuwa chembe, chembe kubwa za chumvi. Akaendelea kwamba hata huko Ayalandi kwenyewe watu walikuwa wanakula nguruwe, nyama ya ng'ombe ya chumvi ilikuwa ya kupakiwa melini bandari ya Cork kupelekwa ng'ambo, na kwamba waliipenda walipohamia Marekani, New York, wakawa wananunua kidari kwa wauza nyama wa Kiyahudi kwa sababu kilikuwa rahisi. Yote hayo kayasema kabla hajatia tonge mdomoni. Baada ya tonge akanyamaza. Sijawahi kumuona shemeji amenyamaza.

Mama mkwe alitafuna taratibu. Akameza. Akanywa maji glasi nzima, akaweka glasi chini, akasema kwa upole ule unaoua: "Mwanangu, huyu ng'ombe alizama baharini?"

Chumvi! Siyo ya kusema imezidi kidogo. Chumvi ya kukunja uso. Na kabichi nayo imekunywa, na karoti, na viazi, kila kitu kilichoingia mle kimekuwa bahari. Mke wa shemeji akasema ongeza viazi vitavuta chumvi. Nikaongeza, nikachemsha tena, na nikapata viazi vingine vya chumvi. Jamani hilo la kiazi tuliache: kiazi kinakunywa maji yaleyale yaliyomo sufuriani, maji yanabaki na ukali wao. Kinachopunguza chumvi ni kumwaga maji na kutia mengine, basi. Tulimaliza chakula cha mchana kwa mkate na mayai, mimi nimesimama jikoni nikimsikia mama mkwe akimuuliza mwanawe kama huwa ninampikia hivi siku zote.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba mama mkwe ana presha, anameza vidonge kila asubuhi. Usiku nikakaa na simu nikapiga hesabu. Gramu mia za nyama hii ikishaiva zina karibu gramu moja ya sodiamu, yaani kama gramu mbili na nusu za chumvi. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asivuke gramu tano kwa siku nzima. Vipande viwili vya ukarimu na siku yako imekwisha, hujanywa hata supu. Hapo ni nyama ya kawaida, siyo hii yangu niliyoifunga na maji yake yote kama maiti na sanda yake. Sitaki kuionea: ina protini kama gramu 18 katika hizo mia, ina chuma, zinki na vitamini B12 ya kutosha. Lakini mafuta nayo gramu 19, na tangu 2015 watafiti wa saratani wa shirika hilohilo wameziweka nyama za kusindikwa, za chumvi zikiwamo, kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani, ya utumbo mpana hasa, kwa wanaozila kila siku. Kwa hiyo ni chakula cha mara moja kwa mwaka. Na mara yangu moja ya mwaka kijana yule ameiharibu.

Kesho yake nikampigia mama yangu Tanga. Nikamsimulia nikitegemea ataungana nami kumlaani muuzaji. Kimya. Halafu: "Wewe, papa mkavu unampika bila kumloweka?"

Nilitamani simu ikatike. Mtoto wa Tanga mimi! Papa mkavu tumekuzwa naye: analala kwenye maji usiku kucha, asubuhi maji yanamwagwa, anachemshwa kidogo yanamwagwa tena, ndipo aone nazi. Naijua hiyo kazi tangu sijajua kusoma. Nikaiona nyama ya ng'ombe nikadhani haiwezi kuwa ndugu yake papa.

Hata hivyo nilirudi bucha. Haki ni haki. Siku mbili tatu baadaye, kijana yuleyule, aproni ileile. Hakunikumbuka, na hilo nalo likaniongezea. Nikamweleza nyama yenu ilikuwa chumvi tupu, nimeaibika mbele ya wakwe. Akanitazama kwa mara ya kwanza, ameshangaa kweli, akasema: "Kwani hukuloweka? Kila mtu anajua inalowekwa."

Kila mtu anajua! Nilikuuliza! Nilisimama hapahapa nikakuuliza kwa maneno hayohayo!

Hapo nadhani sauti yangu ilisikika mpaka barabarani, kwa sababu mzee mmoja alitoka nyuma kwenye pipa, mikono inadondosha maji. Hakuomba radhi. Alichukua kipande kingine, kidogo, akakifunga, akakisukuma juu ya kaunta, akanieleza polepole kama anayemwelekeza mtu njia: maji baridi, friji, usiku mzima, badilisha mara mbili. Maji mapya. Yakichemka mara ya kwanza mwaga, weka mengine. Kisha moto mdogo kabisa, maji yasitokote, yawe yanatetemeka tu. Ratili mbili na nusu, saa tatu hivi, mpaka uma uingie wenyewe. Mboga zipike kando kwa maji yake, na ukipenda tia mwiko mmoja wa mchuzi wa nyama kwa ladha. Nikatoa pochi, akatikisa kichwa.

Nikafanya. Na hapa ndipo ninapopata tabu na nyota zangu. Kidari ni msuli wa kifua, ng'ombe anaubebea sehemu kubwa ya uzito wake, umejaa mishipa migumu. Moto mkali unaikaza kama ndara ya zamani. Moto mdogo wa saa nyingi unaiyeyusha ile mishipa inakuwa ute, nyama inalegea bila kukauka. Nilifunua sufuria saa ya tatu ikiwa haijatimia vizuri, nikachoma uma, uma ukazama kama kwenye siagi. Nikaiacha ipumue dakika kumi na tano, nikaangalia nyuzi zimelala upande gani, nikakata kwa kuzikingama. Ukikata kufuata nyuzi unatafuna kamba, hilo nililijua kwa ile ya kwanza. Rangi ya kijivu, haipendezi machoni, kama kitu kilichosahaulika. Mdomoni… chumvi ipo, lakini imekaa mahali pake, na nyuma yake kuna ladha ya nyama nzito iliyokomaa, na karafuu kwa mbali. Nilikula kipande cha kwanza nimesimama. Cha pili pia. Mama mkwe nilimkatia kidogo, kabichi nyingi, akala kimya, akasukuma sahani mbele. Kwa mama mkwe, sahani kusukumwa mbele ni kuomba nyingine. Sikumwongeza, kwa ajili ya presha, akanuna. Mabaki nilisaga nikafungia sambusa bila kutia hata chembe ya chumvi, na shemeji alikula tisa huku akitufundisha asili ya sambusa.

Kwa hiyo nyama nyota nne. Nasema wazi, nne. Tano ningetoa kama isingesinyaa.

Lakini huduma? Nimekaa hapa nikiandika na nikikumbuka kile kicheko nasikia masikio yanapata moto. Mteja akiuliza, jibu. Halafu kuna jambo lingine limenijia nikiwa katikati ya kuandika, na sikulitaka: mwaka juzi niliwahi kumpa jirani yangu wa ghorofa ya chini kipande cha papa mkavu, mgeni alikuja nacho kutoka Tanga. Mwanamke wa watu aliuliza anapikwaje. Nikamwambia, kirahisi tu, unapika na nazi. Hakunirudishia habari. Ni kweli siku hizi tukikutana kwenye ngazi anaangalia chini. Ila mimi sikumcheka! Tofauti ni kubwa. Sikumcheka mbele ya watu.

Nyota tatu basi. Hapana. Mbili, na zote mbili za mzee wa pipa, kijana asije akadhani mojawapo ni yake. Wakati naandika haya kuna kidari kingine kwenye friji, ratili tatu, nilimtuma baba watoto akakinunue maana mimi pale sikanyagi tena. Maji nimeshabadilisha mara moja. Kabla ya kulala nabadilisha ya pili, na kesho nikitoka kazini nabisha hodi ghorofa ya chini na sahani.