Nilimfuata Yasmin, nikabaki na Mwajuma: Vuta N'kuvute kwa mara ya pili

Mara ya kwanza kukishika Vuta N'kuvute, riwaya ya Adam Shafi, nilikuwa Kidato cha Tano, na nikisema nilikisoma nitakuwa naongopa. Nilikikariri. Kwenye mtihani wa Kiswahili 2 kulikuwa na swali ambalo halikukosekana, la nafasi ya mwanamke, na majibu yake tulikuwa nayo kabla hata ya kufungua kitabu: mwanamke kama chombo cha starehe, mwanamke kama mlezi, mwanamke kama mwanamapinduzi. Unachomeka majina ya wahusika, unatoa mfano mmojammoja, unahamia swali linalofuata. Yasmin, mhusika mkuu, kwangu alikuwa mfano. Sikumjua.

Mwezi uliopita nilikuwa napita Posta, Dar es Salaam, pale wanapotandaza vitabu vya mtumba chini kwenye turubai, nikakiona. Muuzaji alianza na elfu kumi, tukaishia elfu sita. Nilikuwa na haraka ya basi, sikukipekua. Kufika nyumbani nikakuta mambo mawili. La kwanza, kurasa kadhaa za katikati hazimo, zimenyofolewa zikaacha meno. La pili, mwanafunzi aliyekimiliki kabla yangu alikijaza penseli kila pembe: mishale, nyota, "tashibiha", "takriri", na mahali pengi zaidi, kwa herufi kubwa, CHOMBO CHA STAREHE. Nilicheka peke yangu. Ule mwandiko ungeweza kuwa wangu.

Kurasa zilizopungua niliazima kwa mwenzangu kazini, na kitabu kizima nikakimaliza kwa siku nne, nyingi zikiwa ndani ya basi la mwendokasi nimesimama.

Kwa asiyekijua: Adam Shafi ni yule aliyeandika pia Kuli na Haini, na kitabu hiki kilitoka mwaka 1999. Kisa ni cha Unguja ya miaka ya 1950, Mwingereza akiwa bado anatawala, Wahindi, Waarabu na Waafrika wakiishi jirani na huku kila mmoja amewekwa kwenye kisanduku chake. Yasmin ni binti wa Kihindi, bado mdogo kabisa, anaozeshwa kwa Bwana Raza, mwenye duka, mtu wa umri wa baba yake. Raza anamhamishia Mombasa. Yasmin anamvumilia kwa muda, kisha siku moja anatoroka, anarudi Unguja. Mjomba wake anamfungia mlango. Watu wake wote wanampa mgongo. Aliyebaki ni mmoja tu, Mwajuma, mwimbaji wa taarab anayeishi Ng'ambo, kwenye kijumba cha kimaskini.

Hapo nilisimama kidogo kwa sababu siku hizi naijua Unguja, tofauti na nilipokuwa shule. Ukitoka Mji Mkongwe kwenda Ng'ambo leo unavuka barabara tu. Zamani ulikuwapo mkono wa bahari, na Darajani ndipo palipokuwa na daraja la kuvukia, jina limebaki maji yameshafukiwa. Kwa miguu ni dakika chache. Lakini kwa binti wa Kihindi wa wakati ule, kuvuka pale na mzigo wako kwenda kulala kwa mwanamke Mwafrika ilikuwa safari ndefu kuliko ya meli kutoka Mombasa.

Sasa niseme kwa nini katika mashujaa wa kike wa riwaya zetu huyu nimempandisha juu. Riwaya zetu zina tabia: binti akiteleza, anazikwa. Chukua Rosa Mistika ya Kezilahabi, ya mwaka 1971, iliyowahi kupigwa marufuku mashuleni. Rosa nampenda, tena sana. Baba yake, Zakaria, anamchunga kwa fimbo mpaka barua tu ya mvulana inageuka kesi, na siku anapopata nafasi ya kuishi mbali na nyumbani hajui hata namna ya kusema hapana, maana hakuwahi kuruhusiwa kusema lolote. Kezilahabi lawama anampa baba na jamii. Lakini mwisho anayekufa kwa mkono wake mwenyewe ni Rosa. Halafu Maimuna wa Utengano, cha Said Ahmed Mohamed, kilichotoka mwaka 1980. Naye amefungiwa ndani na baba, Maksuudi, naye anatoroka, naye mji unamla. Huyu mwandishi anamrudisha akiwa hai, namshukuru kwa hilo, ila kabla ya kumrudisha anamburuza topeni kurasa nyingi mpaka msomaji unatamani kumpigia mtu simu.

Wote watatu walifungiwa, wote watatu walitoka. Yasmin peke yake ndiye aliyetoka bila kulipishwa. Anamkimbia mume. Anaishi na mwimba taarab. Anampenda Denge, Mwafrika mpigania uhuru ambaye polisi wanamwinda, na wanapomkosa yeye wanamsumbua Yasmin. Mapenzi yale yanafika mahali yanakwama, anakuja kuolewa na mwingine, Bukheti, kwa hiari yake safari hii. Na anaendelea kuishi! Hakuna ugonjwa wa ghafla, hakuna mtoto anayekufa ili mama ajifunze. Mara ya kwanza kukisoma sikuona kwamba hilo ni jambo. Safari hii nilifika mwisho bado nimekaza mabega nikisubiri pigo, halikuja.

Si kwamba Yasmin ni jasiri muda wote. Analia mno, tangu maelezo ya mwanzo kabisa macho yake yanalengwalengwa. Anaogopa, anabadili mawazo, mara nyingine anaingia kwenye siasa za Denge kwa sababu ya Denge na si kwa sababu ya siasa. Mwanafunzi wa penseli aliandika pembeni "hana msimamo". Mimi kwa umri ule, nikiwa nimeozeshwa nikahamishiwa mji nisioujua, ningekuwa na msimamo gani?

Lakini niliyeondoka naye ni Mwajuma.

Nikiri kwamba shuleni nilimwandika vibaya. Anaimba, anapenda starehe, wanaume wanaingia na kutoka, basi tukamsukumia kwenye kile kisanduku cha chombo cha starehe tukaenda zetu. Safari hii nilimtazama anachofanya. Binti aliyekataliwa na ndugu zake wa damu anagonga mlango wake, naye anafungua. Hamhoji kama hakimu. Hamwambii rudi kwa mumeo, ndoa ni kuvumilia. Hana kitu, na kile kidogo anakigawa nusu, chakula, kitanda, hata marafiki zake. Hakuna anayempa ahsante. Hahutubii, hana chama, hajasoma ng'ambo ya bahari kama Denge, ila kile ambacho Denge na wenzake wanakipigania kwa makaratasi ya siri, kwamba watu wakae pamoja bila kuulizana rangi, kwenye chumba cha Mwajuma kimeshatokea siku nyingi.

Labda nampenda kwa sababu nilishawahi kuwa mgeni wa Mwajuma. Nina miaka thelathini na nne sasa. Nikiwa na ishirini na nne niliondoka sehemu usiku, begi moja, nauli ya kwenda tu. Shoga yangu wa Mbagala alifungua mlango, akanitazama, akaniuliza, "Umekula?" Hakuuliza kingine mpaka Jumapili. Na yeye majirani walikuwa na jina walilompa, silisemi hapa.

Kwa hiyo mkiniuliza shujaa wa kitabu hiki ni nani, jibu langu halitapata alama.

Yasiyonipendeza yapo. Denge ni mtu mwema lakini kila akikaa kitako anafungua mkutano. Kuna maongezi yake niliyapita kwa kasi, na sidhani nilipoteza kitu. Pili, mwandishi anapenda kuwatazama wanawake wake. Yasmin anaelezwa uso wa mviringo kama tungule, pua, midomo, yaani unapewa bidhaa kabla hujapewa mtu. Nilianza kuhesabu, nikaacha. Ndiyo, ni mtindo wa wakati wake, na hadithi za mapenzi zinataka mapambo, lakini wote watatu niliowataja, Rosa, Maimuna na Yasmin, wameumbwa na wanaume, na kuna mahali unaisikia kalamu ya kiume ikihema.

Lugha, hapo sina neno. Ni Kiunguja kitamu, chenye kejeli na utani wa barazani. Sisi wa bara kuna maneno utayakuta ukasita: nyanya ni tungule, na mengine utayabahatisha kwa kinachofuata. Usiache kwa hilo. Mimi nilikuwa nasoma kwa sauti jikoni, na mama yangu, ambaye hajawahi kumaliza riwaya, alianza kuniuliza jioni, "Yule Mhindi wako leo kafikia wapi?"

Filamu ya kitabu hiki, ya mwongozaji Amil Shivji, ile iliyoonyeshwa kwenye tamasha la filamu la Toronto mwaka 2021, niliitazama baada ya kumaliza kitabu. Picha zake ni nzuri mno, Unguja inang'aa hata gizani, na Mwajuma kachezwa na Siti Amina, ambaye ni mwimbaji kweli, unaliona hilo kila akisimama. Ila filamu imelala upande wa mapenzi ya Yasmin na Denge. Mwajuma kwangu muda wake haukutosha. Anza na kitabu.

Kitabu nakipa nyota nne na nusu kwa tano. Nusu nimeikata kwa hotuba za Denge. Nakala niliyouziwa, nyota mbili, na zote mbili ni za yule mwanafunzi, maana bila mwandiko wake nisingejiona mwenyewe. Ukinunua vya kutandazwa chini, pekua kurasa zote kabla hujatoa hela, hasa za katikati, hata kama basi limefika. Vipya vinapatikana madukani na havina mashimo.

Mdogo wangu wa Kidato cha Tano alikiona mezani, akakichukua kwenda nacho shule. Juzi kanitumia ujumbe: "Dada, Mwajuma nimuweke kwenye nafasi gani?" Nimeandika jibu mara tatu nikafuta. Mwisho nikamwambia anirudishie kitabu changu likizo, na asiongeze penseli.