Kushuka wenyewe bandarini: uzoefu wangu na meli ya kitalii Mediterania

Meli yenyewe naipa nyota nne kati ya tano. Ziara wanazouza ndani yake nazipa mbili, na hizo mbili ni za kiyoyozi cha mabasi. Jina la kampuni naliacha, kwa sababu njia ile inazungukwa na zaidi ya kampuni moja: Genoa, Civitavecchia, Palermo, Valletta, Barcelona, Marseille, halafu unarudi Genoa. Ninachotaka kueleza ni jambo ambalo wakala wa safari hana faida nalo. Katika bandari nyingi za njia hiyo, huhitaji kumlipa mtu akutembeze.

Nilisafiri na dada yangu mkubwa anayeishi Bremen. Yeye ndiye aliyekata tiketi, chumba cha ndani kisicho na dirisha, na mimi nikatoka Dar na pasipoti yangu ya Tanzania. Kwa wenzangu wenye pasipoti kama yangu: bandari zote hizo ziko ndani ya Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, Malta yenye Valletta ikiwemo, lakini omba viza ya kuingia zaidi ya mara moja. Bahari ikichafuka nahodha anaweza kubadilisha bandari, na mkipelekwa Tunis mmeshatoka Schengen. Maombi yanakwenda ubalozi wa nchi utakayokaa zaidi, kwetu Italia kwa bandari zake tatu, na ada ni euro 90. Pesa hiyo hairudi hata ukinyimwa.

Kila jioni mhudumu wa chumba anakuletea karatasi ya ratiba ya kesho, na nusu yake ni matangazo ya ziara. Iliyonichekesha zaidi ni ziara ya Roma "ya kujitegemea". Ni basi tu. Linakupeleka, linakushusha karibu na Vatican, linakuambia rudi hapa saa fulani. Zaidi ya euro 60 kwa kichwa, ili uachwe barabarani. Dada akasema, "Kuachwa tunaweza kuachwa bure."

Lakini tuwe waungwana. Wanachouza si basi, ni bima. Basi la meli likikwama kwenye foleni, meli inalisubiri. Ukikwama wewe na treni yako, meli inang'oa nanga, na unaifuata bandari inayofuata kwa nauli yako. Hilo ndilo la kupima, na kipimo chake ni umbali kutoka ngazi ya meli hadi mahali unapotaka kwenda. Genoa, Palermo na Valletta meli inafunga mjini kabisa. Barcelona na Marseille unahitaji basi fupi. Civitavecchia peke yake ndiyo yenye mtihani, maana wanaiita Roma na Roma iko kilomita kama 80 kutoka hapo.

Roma tulikwenda kwa treni. Kutoka gatini kuna basi la bandari la bure hadi Largo della Pace, na kutoka pale tukatembea kando ya bahari hadi kituoni, mwendo wa nusu saa ya watu wasio na haraka. Treni ya mkoa ni kama euro 5 kwenda, na inachukua saa moja na kidogo. Tiketi ya karatasi lazima uigonge kwenye kimashine cha ukutani kabla ya kupanda. Wenzetu wawili wa meli hiyohiyo hawakugonga. Kondakta aliwasikiliza hadithi yao yote kwa upole, akatingisha kichwa, akaandika faini.

Usishuke kituo kikuu cha Termini kama unataka Vatican. Shuka Roma San Pietro, utembee robo saa, na kuba la kanisa utaliona likikutangulia. Foleni ya kuingia kanisani ilikuwa imezunguka uwanja, tukaamua kuiacha, tukatembea hadi ngome ya Castel Sant'Angelo, tukavuka daraja, tukapita uwanja wa Piazza Navona, tukaingia Pantheon, hekalu la kale la Warumi lenye kuba. Kiingilio kilikuwa euro 5. Lile tundu la juu la kuba, upana wake karibu mita 9, halina kioo wala kifuniko. Mvua ikinyesha inaingia ndani. Ukitazama sakafuni chini yake utaona vitobo vidogo vya kupitishia maji kwenye marumaru. Nilisimama pale nikitazama sakafu huku watu wote wakitazama juu, mpaka dada akaniuliza nimedondosha nini.

Mwisho wa kupanda meli ulikuwa saa kumi na mbili na nusu jioni, nasi tulipanga treni ya saa tisa. Ubao ukaonyesha inachelewa dakika 25. Dada akaanza kutembea huku na huku.

"Tulia dada, hii ikifa kuna nyingine."

"Treni ina nyingine, mdogo wangu. Meli haina."

Ikaja, tukafika na muda wa kununua aiskrimu Civitavecchia. Ndiyo maana nasema treni ya kurudi upange ile ambayo ikifutwa kabisa, inayofuata bado inakufikisha. Watu wanaolilia meli gatini ni wale waliotaka kuona Colosseum, Vatican na chemchemi ya Trevi siku moja, halafu chakula cha mchana cha kukaa mezani.

Palermo ndiyo iliyonikaa moyoni, na ajabu ni kwamba ndiyo bandari ambayo wengi walibaki kwenye bwawa la kuogelea juu ya meli. Ukitoka geti, Via Emerico Amari inakupeleka moja kwa moja katikati ya mji. Hapo getini kwanza utapambana na bajaji. Ndiyo, bajaji, za Piaggio, zimepambwa kwa maua na picha za watakatifu, na madereva wao wana maneno kuliko wa Kariakoo. Bei ya kwanza tuliyotajiwa kwa saa moja ilikuwa euro 80. Tulipogeuka kuondoka ikawa 60. Tulipofika kona ya barabara ilikuwa 40 na dereva ametufuata. Tukaenda kwa miguu hata hivyo, maana mji ni tambarare na kila kitu kiko kwenye mstari mmoja: jumba la opera la Teatro Massimo, njia panda ya Quattro Canti, kisha soko la Ballarò.

Ballarò usiende umeshiba. Samaki-panga mzima amelazwa kwenye barafu, upanga wake umeelekea juu, muuzaji anaimba bei. Tulikula panelle: unga wa dengu unapikwa na maji hadi ugande, unakatwa vipande vyembamba, unakaangwa, unatiwa ndani ya mkate wenye ufuta na kukamuliwa limau. Mtu wa Tanga kama mimi anazifakamia kama bagia za futari. Kuna pia mkate wa bandama ya ng'ombe, ambao dada alikula miwili na mimi nikamwangalia. Kwa tusiokula nguruwe, panelle ni salama, lakini zile duara za wali za kukaanga uliza kwanza, nyama ya ndani hutofautiana.

Halafu panda hadi jumba la kifalme la Palazzo dei Normanni uone kanisa la ndani, Cappella Palatina. Kiingilio si cha bei rahisi na bega lazima lifunikwe, kwa hiyo beba mtandio. Waarabu waliushika mji huu mwaka 831 na kuutawala hadi Wanormani, wapiganaji Wakristo kutoka kaskazini mwa Ufaransa, walipouteka mwaka 1072. Mfalme Roger wa Pili, Mkristo, alipojenga kanisa lake katika miaka ya 1130 na 1140, kuta alizitia michoro ya dhahabu ya Kibizanti, mtindo wa Wakristo wa mashariki, na dari akawapa mafundi wa Kiislamu. Ukiinua kichwa unaona mbao zilizochongwa vijishimo vijishimo, na kati yake maandishi ya Kiarabu ya mtindo wa Kikufi ya kuombea heri. Nami mtoto wa chuo cha Kurani nilishika maneno mawili matatu, shingo ikauma.

Na hapo kuna habari ambayo ziara ya meli haikuwa nayo, nilichungulia karatasi yao. Al-Idrisi, mwanajiografia Mwislamu, alifanya kazi katika jumba la mfalme huyohuyo, na mwaka 1154 akamaliza kitabu na ramani ya dunia aliyoagizwa. Ndani yake kuna Malindi na Mombasa. Yaani karne tatu na nusu kabla ya Vasco da Gama, mtu aliyeketi Palermo aliandika habari za pwani yetu, kwa masimulizi ya wasafiri. Nilikaa kwenye ngazi za nje nikamweleza dada yote hayo. Akasema ni vizuri, lakini miguu inamuuma.

Valletta ni rahisi mno. Jambo la kwanza: uwe juu ya sitaha meli inapoingia Grand Harbour, hata kama ni alfajiri, kwa sababu zile ngome za mawe ya rangi ya asali ni bora kuliko chochote utakacholipia. Ukishuka, kuna lifti ya Barrakka inayokupandisha mita 58 hadi bustani za juu ya ukuta. Mzinga wa saluti unapigwa saa sita kamili mchana, nenda mapema upate nafasi kwenye ukingo. Kanisa la Mtakatifu Yohana lina mchoro mkubwa wa mchoraji Mwitaliano Caravaggio wa mwaka 1608, wa kukatwa kichwa kwa Yohana Mbatizaji, na ndio mchoro pekee aliotia saini; jina lake limeandikwa katika ile damu. Baada ya hapo tulivuka kwa mashua ndogo hadi mji mdogo wa ng'ambo, Birgu, kwa euro chache, tukawa peke yetu na paka.

Barcelona sina mengi. Basi kutoka gatini linakushusha kwenye sanamu ya Columbus, chini ya La Rambla, na kituo cha metro cha Drassanes kiko hapohapo. Sagrada Família, kanisa lililoanza kujengwa mwaka 1882, lina tiketi za saa maalumu za mtandaoni. Ukifika bila tiketi utaliona kwa nje tu. Simu ifunge kwa kamba. Si utani. Mbele yetu mama mmoja wa meli yetu alifunguliwa mkoba ndani ya metro na akagundua kwenye ngazi za kutokea.

Marseille ndiko kampuni ilipotuudhi. Gati liko mbali kaskazini mwa mji, na wanauza basi lao la kwenda Bandari ya Kale kana kwamba hakuna njia nyingine. Tulipouliza dawati la ziara, tukaambiwa haishauriwi kwenda wenyewe. Chini kumechorwa mstari wa kijani wa waenda kwa miguu hadi geti, na nje ya geti kuna basi la mji namba 35. Jua lilikuwa kali, mstari ni mrefu, mwenye magoti mabovu alipie basi la meli bila kujilaumu. Lakini kusema hakuna njia si kweli.

Kutoka Bandari ya Kale tuliingia mtaa wa Noailles, na hapo dada akapata jamaa. Alikuwa ameshika mhogo, analalamika kwa Kiswahili kuhusu bei yake. Mama muuzaji, mtandio begani, akamjibu kwa Kiswahili safi cha Unguja: "Umetoka mbali huo mwanangu, umepanda ndege kama wewe." Tukamwamkia shikamoo. Mngazija, amekulia Unguja. Wangazija Marseille ni wengi sana, makumi ya maelfu, na Noailles utawasikia bila kuwatafuta. Alituelekeza kwa kula, wali na samaki wa nazi, kwa bei ambayo kwenye meli haikutoshi soda mbili. Mhogo hatukununua. Meli hairuhusu.

La simu: meli ikiondoka pwani, weka hali ya ndege. Mtandao wa setilaiti wa meli hauhusiani na kifurushi chako cha Ulaya, na kuna abiria alilipa kwa meseji za picha kuliko sisi kwa Roma nzima. Kila unaposhuka, piga picha ubao wa ngazini wenye saa ya mwisho ya kupanda, na namba ya wakala wa bandari iliyo kwenye ile karatasi ya ratiba. Ramani pakua ukiwa bado nyumbani.

Nyota moja niliyoikata meli ni ya bili ya mwisho, ambapo bahashishi ya kila siku ilikuwa imeshaongezwa kwa kila mmoja wetu, na ya bufee ambayo vibandiko vya nguruwe vilikuwa vinahamahama. Vyumba visafi, wafanyakazi wazuri, wengi Wafilipino na Waindonesia, na mmoja wa Mombasa jikoni aliyekuja kutusalimia alipopata habari zetu.

Dada sasa anataka Ugiriki. Nimeshaangalia: Piraeus, bandari ya Athens, kuna metro ya kwenda Monastiraki katikati ya mji, hiyo tutashuka wenyewe. Kisiwa cha Santorini meli inakaa katikati ya maji, mnashushwa kwa mashua, kisha foleni ya gari la kamba kupanda mlima, na tangu Julai 2025 kuna ada ya serikali ya euro 20 kwa abiria msimu wa kiangazi. Hiyo nitamwachia dada aamue, ye ndiye mwenye kadi.