Vitamini D na mafua: nunua kidonge kidogo cha kila siku, kapsuli ya mwezi iache dukani

Maswali mnayotuma kila msimu wa mafua yanafanana. Mtu ameuziwa kapsuli nne za vitamini D za yuniti 60,000 (kwenye lebo ni IU), ameambiwa ameze moja kila mwezi na mafua hayatamgusa, na bado ameugua. Mwingine kakohoa wiki mbili, akachomwa sindano ya yuniti 300,000. Hawakuuziwa vitamini feki. Kilichokosewa ni ukubwa wa dozi na muda kati ya dozi moja na nyingine. Hilo muuzaji haligusii kabisa, ilhali kwa upande wa maambukizi ya njia ya hewa ndilo jambo ambalo utafiti umelirudia mara nyingi.

Kwa hiyo mwongozo huu hautahangaika na ladha wala umbo la kopo. Swali langu la kwanza kwa kila bidhaa ni hili: je, inakuruhusu kumeza kiasi kidogo kila siku? Kama hairuhusu, inashuka mkiani hata ikiwa na jina kubwa namna gani.

Kwa nini mkupuo haufai

Mwaka 2017 jarida la tiba la BMJ lilichapisha uchambuzi ulioongozwa na Adrian Martineau wa Chuo Kikuu cha Queen Mary, London. Zilikusanywa data za mtu mmoja mmoja kutoka majaribio 25 yenye watu takribani 11,000. Waliomeza vitamini D kila siku au kila wiki walipata kinga kiasi. Waliopewa dozi kubwa za mkupuo, yaani nyingi kwa wakati mmoja, hawakupata. Walionufaika zaidi ni wale walioanza wakiwa na upungufu mkali, yaani chini ya nanomoli 25 kwa lita ya damu, na wakameza kidogo kidogo. Kwao uwezekano wa kuugua ulipungua kwa takribani asilimia 70.

Tazama majaribio mawili yakiwa yamewekwa pamoja. Kabul, Afghanistan, katika jaribio la watoto wachanga zaidi ya 3,000, nusu walipewa yuniti 100,000 kila baada ya miezi mitatu kwa mwaka mmoja na nusu. Nimonia haikupungua. Ulaanbaatar, Mongolia, watoto wa shule ambao vitamini D ilikuwa karibu kuwaishia mwilini walipewa maziwa yenye yuniti 300 tu kila siku, wakati wa baridi kali. Vipindi vyao vya mafua na kikohozi vikawa karibu nusu ya vile vya wenzao waliokunywa maziwa yasiyoongezwa kitu. Mji ni tofauti na umri ni tofauti, kwa hiyo huwezi kuyalinganisha kama pacha. Lakini Christchurch, New Zealand, jaribio la watu wazima 322 nalo lilitumia mkupuo wa kila mwezi, yuniti 200,000 kwa miezi miwili ya mwanzo kisha 100,000, na mafua ya waliopewa hayakupungua.

Maelezo yanayotolewa ni haya. Vitamini D yenyewe hukaa kwenye damu takribani siku moja tu. Ini huigeuza kuwa aina ya akiba inayodumu wiki mbili hadi tatu, na hiyo ndiyo inayopimwa maabara. Seli za kinga, zikiwemo makrofaji (zile zinazomeza vijidudu), huichukua hiyo akiba na kuiamsha zenyewe, kisha hutengeneza katelisidini, protini ndogo inayoshambulia vijidudu. Ukimwaga yuniti laki moja kwa siku moja, mwili hushtuka na kuongeza kimeng'enya cha kuivunja vitamini hiyo. Kimeng'enya hicho hubaki juu hata baada ya mkupuo kwisha. Karatasi ya maabara inaweza kuonyesha namba nzuri wakati seli zinabaki na kidogo.

Hesabu ya muuzaji kwamba 60,000 kwa mwezi ni sawa na 2,000 kwa siku ni sahihi kwenye kikokotoo tu.

Kabla hujatoa pesa

Faida yenyewe si kubwa, na ni haki yako kuijua. Uchambuzi mpana zaidi wa mwaka 2021 ulionyesha kuwa asilimia 61.3 ya waliopewa vitamini D waliugua angalau mara moja, dhidi ya asilimia 62.3 ya wasiopewa. Faida ilionekana wazi zaidi kwa yuniti 400 hadi 1,000 za kila siku. Mwaka 2025 majaribio mapya yalipoongezwa, tofauti ya jumla ilikuwa ndogo kiasi cha kutothibitika tena. Kuhusu Korona, jaribio la Uingereza lenye watu wazima 6,200 halikuona kinga, wala lile la Norway la mafuta ya ini la samaki lenye watu zaidi ya 34,000. Na Brazil, katika jaribio la wagonjwa 240 wa Korona waliolazwa, waliopewa yuniti 200,000 kwa mara moja hawakuruhusiwa kwenda nyumbani mapema kuliko wengine.

Dar es Salaam nako kuna jibu lake. Watu wazima 4,000 waliokuwa wakianza dawa za kufubaza VVU, wote wakiwa na kiwango cha chini cha vitamini D, waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipewa yuniti 50,000 kila wiki kwa mwezi mmoja, kisha 2,000 kila siku. Matokeo yalitoka mwaka 2020: vifo havikupungua, na kifua kikuu hakikuthibitika kupungua. Anayekuuzia vitamini D kama kinga ya TB anakuuzia kitu ambacho jaribio kubwa lililofanyika mjini hapohapo limeshindwa kukionyesha.

Basi anunue nani? Mama mwenye mtoto anayenyonya maziwa ya mama peke yake. Mwenzetu aliye London au Oslo, kwani ngozi nyeusi hutengeneza vitamini D polepole na jua la baridi kule halitoshi. Serikali ya Uingereza inawashauri watu wenye asili ya Afrika wafikirie kumeza mikrogramu 10 mwaka mzima. Aliye Muscat au Dubai anayetoka nyumba yenye kiyoyozi kuingia gari lenye kiyoyozi, mwanamke anayejisitiri mwili mzima na kushinda ndani, mfanyakazi wa zamu za usiku. Wamo pia wanaotumia fenitoini au kabamazepini (za kifafa), rifampisini (ya TB) au efavirenzi (ya VVU), kwa sababu dawa hizi huharakisha kuvunjwa kwa vitamini D, ila hao waanzie kwa daktari. Mwongozo wa mwaka 2024 wa Endocrine Society, chama cha wataalamu wa homoni, unawaongeza watoto wa miaka 1 hadi 18, wajawazito na wazee waliopita miaka 75.

Mkulima na mvuvi wanaoshinda juani watunze pesa zao. Wamaasai na Wahadzabe walipopimwa walikutwa na wastani wa nanomoli 115 kwa lita bila kidonge chochote. Lakini usiseme Mwafrika hakosi jua: tathmini ya bara zima iliyotoka mwaka 2020 ilikuta takribani mtu mmoja kati ya watatu yuko chini ya nanomoli 50, yaani ana upungufu.

Nafasi ya kwanza: kidonge cha D3, yuniti 400 hadi 1,000

Hapa sifichi upendeleo wangu. Nachagua Nature Made D3 (D3 na D2 ni aina mbili za vitamini D) ya yuniti 1,000 yenye muhuri wa USP, shirika la Marekani la viwango vya dawa, na sababu ni huo muhuri. Mwaka 2013 watafiti wa Oregon, Marekani, walipima vidonge vya vitamini D kutoka madukani na vile vya kuchanganywa na wafamasia. Kiasi halisi kilikuwa kati ya asilimia 9 na asilimia 146 ya kilichoandikwa. Muhuri wa USP unamaanisha kuna mtu wa nje aliyehakiki kiasi, uchafu, na kama kidonge kinayeyuka. Utafute kwenye kopo lenyewe, maana si kila bidhaa ya kampuni hiyo inao. Usipoipata, chukua nyingine yenye muhuri wa namna hiyo.

Soma lebo hivi. Yuniti 40 ni mikrogramu 1, kwa hiyo 25 mcg ni yuniti 1,000, na 125 mcg ni 5,000, ambayo ni nyingi mno kwa kumeza kila siku bila daktari. Kikomo cha mtu mzima ni 4,000. Kopo la Ufaransa huandika UI, la Ujerumani IE, na 2.000 ya Mjerumani ni elfu mbili, si mbili. Angalia pia kiasi kilichoandikwa ni cha kidonge kimoja au viwili. Chagua D3, kwa kuwa D2 hupandisha kiwango kidogo zaidi. Anayejali halali asome ganda, kwani kapsuli laini nyingi ni za jelatini, na kama chanzo chake hakijaandikwa, chukua kidonge kikavu.

Meza pamoja na mlo wenye mafuta: wali wa nazi, parachichi, mayai. Ukimeza na chai ya rangi asubuhi tumbo likiwa tupu, sehemu yake haitafyonzwa. Ukisahau siku moja, endelea kesho na dozi yako ya kawaida.

Nafasi ya pili, lakini ya kwanza kwa mtoto mchanga: matone ya mafuta

Mtoto mchanga anahitaji yuniti 400 kwa siku. Baby Ddrops ndiyo ninayoipendelea kwa sababu tone moja ni hizo 400, na ndani kuna vitamini D3 na mafuta ya nazi tu.

Hatari iko kwenye neno "400" lililochapwa mbele. Kuna chupa ambazo 400 ni ya mililita nzima, inayopimwa kwa dropa. Kuna nyingine ambazo 400 ni ya tone moja. Mililita moja ya mafuta haya hutoa matone kama 36. Mama aliyezoea chupa ya kwanza akibadilisha na kumpa mtoto mililita nzima ya ile ya pili, amempa zaidi ya yuniti 14,000 kwa siku moja. Mwaka 2010 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu dropa zinazobeba zaidi ya dozi ya mtoto. Kwa hiyo usihamishe dropa ya chupa moja kwenda nyingine, na usitumie kijiko cha chai.

Ipindue chupa wima kabisa, usiitikise, subiri tone lianguke lenyewe. Lidondoshee kwenye chuchu kisha mnyonyeshe angalau nusu dakika. Usilitie kwenye chupa ya maziwa, kwa sababu mafuta hung'ang'ania ukutani na mtoto asipomaliza hujui amepata kiasi gani. Mtoto aliyezidishiwa hukosa hamu ya kunyonya, hutapika, hupata choo kigumu na hukojoa sana. Ukiona hivyo, acha matone na umpeleke hospitali na chupa mkononi.

Nafasi ya tatu: mafuta ya ini la samaki

Yanafaa kwa aliyezoea, lakini ndani kuna vitamini A pia. Mjamzito asinywe, na usiongeze kijiko ili kufikisha yuniti 1,000 za D, kwa kuwa utazidisha A.

Nafasi ya nne: vidonge vya kuchemka na jojo za "kinga"

Hapa ndipo pesa zinapopotea. Tangu Korona, kila kilichochanganywa vitamini C, zinki na chembe ya D kimeandikwa "kinga" na bei ikapaa. Geuza boksi usome kiasi cha D peke yake, kisha gawa bei kwa idadi ya siku. Mara nyingi unalipia rangi, sukari na ladha ya chungwa. Nakasirishwa zaidi na duka linaloficha kopo la yuniti 1,000 rafu ya nyuma na kupanga haya mbele ya kaunta, na pia wanaomimina kapsuli kutoka kopo kubwa kwenye kipakti kisicho na jina, kipimo wala tarehe ya mwisho. Kipakti hicho usikichukue hata kwa nusu bei.

Vidonge vya bei ya chini visivyo na muhuri: kama ndivyo unavyovimudu, chukua cha yuniti 400 au 1,000 kilicho kwenye karatasi yake yenye tarehe, na usikiache kwenye dashibodi ya gari.

Nafasi ya mwisho: kapsuli za 50,000 na 60,000, na sindano ya 300,000

Hizi ni dawa za upungufu uliothibitishwa, chini ya daktari, kwa muda maalumu. Si za mafua. Wanawake wazee nchini Australia waliopewa yuniti 500,000 mara moja kwa mwaka walianguka na kuvunjika mifupa zaidi kuliko wasiopewa. Mwenye mawe ya figo au sakoidosisi (ugonjwa wa uvimbe, hasa kwenye mapafu), au anayetumia digoksini, dawa ya moyo, asiguse bila kupimwa kalsiamu.

Kama kapsuli hizo tayari unazo na hukuandikiwa na daktari, zifungie mbali na watoto. Ukiwa umemeza moja mwezi huu, unaweza kuanza kidonge cha 1,000 kila siku bila kusubiri. Hapa hesabu ya kikokotoo inatosha, kwa kuwa tunapima usalama tu, si kinga: 60,000 kwa siku 30 ni 2,000, ukiongeza 1,000 unapata 3,000, bado chini ya kikomo. Uliyemeza moja kila wiki kwa wiki kadhaa bila kuandikiwa, usiongeze kitu. Pima kwanza, na usome kipimo kwenye karatasi ya majibu: 20 iliyoandikwa ng/ml ni sawa na 50 iliyoandikwa nmol/L, na wapo walioongezewa dozi kwa sababu tu mtu alichanganya hizo mbili.