Viatu vya meno vya mtumba: kilomita 38 za mvua, Newala hadi bondeni na kurudi

Viatu hivi nimekuwa navyo tangu Oktoba, lakini sikutaka kuviandikia neno kabla ya Machi kupita. Huku Kusini mvua zetu ni msimu mmoja, unaanza Novemba au Desemba na kwenda mpaka Aprili. Machi ndipo njia za kushuka kutoka uwanda wa Makonde zinapoharibika kabisa. Kiatu cha porini ambacho hakijapita hapo, kwangu hakijajaribiwa.

Nilivipata mtumbani Mtwara mjini kwa shilingi 45,000, muuzaji alianzia 60,000. Namba 42, juu ni wavu mwepesi unaopitisha hewa, chini soli yenye meno marefu kiasi cha milimita sita, yamepangwa kwa kuachana. Havina kamba za kufunga fundo. Vina uzi mwembamba mgumu unaovutwa mara moja na kubanwa na kifungo cha plastiki.

Ili nieleweke kwa nini navisifia, lazima nianze na jozi ya mwaka jana. Ile niliinunua mpya, ghali mara tatu ya hii, kwa sababu niliambiwa haiingizi maji. Na kweli kitambaa chake hakikuingiza. Lakini kiatu kina mdomo, mguu unaingilia juu. Kwenye majani marefu yaliyolowa na vijito vya kufika kwenye mashavu ya miguu, maji yaliingilia kifundoni, na utando uleule uliozuia ya nje ukazuia ya ndani yasitoke. Robo lita ya maji kiatuni ni robo kilo kila mguu, kila hatua. Nilikimbia hivyo kwa muda wa saa nne. Nilipovua soksi, ngozi ya nyayo ilikuwa nyeupe, imekunjamana, na malengelenge yamepasuka pande zote mbili. Wiki mbili nilitembea kwa kandambili. Iliniuma sana, kwa sababu nilikuwa nimejinyima ili ninunue kilicho bora.

Sasa mwaka huu. Klabu yetu ya jogging hutoka Newala mjini alfajiri, inashuka ukingoni hadi bonde la Ruvuma na kupanda tena kwa njia nyingine. Kama umewahi kusimama Shimo la Mungu ukaona ardhi inavyokatika miguuni pako na Msumbiji kule ng'ambo, unajua ninazungumzia mteremko wa aina gani. Si njia zilizochongwa kwa ajili ya wakimbiaji. Huku juu maji yalikuwa shida kubwa, na kabla Mradi wa Maji wa Makonde haujayasukuma kutoka chanzo cha Mitema, bibi zetu waliyafuata mabondeni na kuyapandisha kichwani kwenye miteremko kama hii. Nikipita hapo na begi dogo la mgongoni, nawawaza kila mara.

Kilomita za mwanzo, katikati ya mashamba ya mikorosho, ni mchanga mwekundu. Mvua ilikuwa ya rasharasha na mchanga uliolowa ni mzuri kukimbilia, kiatu chochote kingefaa. Kazi ilianza kwenye mteremko, mvua ilipokolea na njia ikageuka mfereji. Hapo meno yalishika. Niliweza kuweka mguu pale ninapotaka badala ya kutafuta mti wa kushikilia, na vidole havikugonga mbele kwa sababu niliacha nafasi ya upana wa kidole gumba. Hilo la nafasi zingatieni, ndugu zangu, maana kucha nyingi zinazogeuka nyeusi hutokana na kuteremka na kiatu kinachobana.

Bondeni ni udongo wa mfinyanzi, na hapa ndipo nilipovipenda hasa. Soli yenye meno yaliyosongamana hujaa tope, ukabaki unakanyaga mkate laini usio na mshiko. Haya yameachana, kwa hiyo mguu ukikunjika tope linabanduka lenyewe. Tulivuka kijito mara tatu, maji yakafika katikati ya muundi. Hatua kama ishirini baada ya kutoka, kiatu kilikuwa kimeshayatema kupitia wavu. Kimelowa, lakini chepesi.

Kasoro zipo, na mbili ni nzito. Kwanza, kwenye mawe yaliyolowa vinateleza. Meno yanashika udongo lakini mwamba mtupu hayauwezi, na niliangukia kiganja mara moja. Pili, kile kifungo cha plastiki kiliingia mchanga nikashindwa kukilegeza mpaka nikakimiminia maji ya kunywa. Ukiwa vidole vimekufa ganzi kwa baridi, jambo dogo kama hilo linakula dakika tano.

Na baridi ilikuwepo, hata kama ni Mtwara. Tulipokuwa tunapanda, radi ilianza. Tulihesabu tangu mwanga hadi ngurumo: sekunde tatu ni kama kilomita moja, na hesabu ikishuka chini ya sekunde thelathini si salama. Tulihesabu kumi na mbili. Tukasimama kwenye kibonde kifupi, mbali na miti mirefu, tumechuchumaa karibu nusu saa. Mwenzetu aliyevaa fulana ya pamba alianza kutetemeka hadi maneno yakamkwama, kwa sababu pamba ikilowa inanyonya joto la mwili. Tulimvua, tukamvika koti langu la mvua, tukamwendesha polepole. Kijiji cha kwanza mama mmoja alituona, akasema tu, "Poleni wanangu, ingieni," akatuwekea uji wa moto. Namshukuru mpaka leo.

Nilimaliza kwa saa sita na dakika arobaini. Lengelenge moja dogo, kisigino cha kulia. Nilikuwa nimepaka mafuta ya mgando kati ya vidole na kuvaa soksi nyembamba isiyo ya pamba, hilo nalo limesaidia. Nilikunywa pakiti mbili za ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, kila moja katika lita moja kamili ya maji kama ilivyoandikwa, pamoja na korosho na viazi vitamu vya kuchemsha.

Anayetaka jozi kama hii mtumbani, akikunje kiatu katikati aone kama gundi ya soli imeachia, abonyeze kisigino kwa kidole gumba, kama povu la ndani halirudi basi limekufa. Aangalie meno ya mbele, ndiyo yanayoisha kwanza. Na asivikimbilie lami. Mimi nilivitumia mara nne kwenye barabara ya Mnivata na meno ya kisigino yameshalika upande mmoja.

Cha kushoto kimechanika wavu karibu na kidole kidogo. Fundi viatu amenishonea kwa shilingi 3,000 na kuweka kipande cha mpira wa tairi la baiskeli kwa ndani. Vimejazwa magazeti, vinakauka kivulini barazani. Jumapili navirudisha bondeni.