Sanduku la kuchorea nje: miezi minane nalo ufukweni Mwanza

Nililinunua mtandaoni kwa muuzaji wa Dar es Salaam, laki mbili na themanini, nauli ya basi juu yangu. Ni la mbao, ukubwa wa begi la kompyuta. Ukilifungua, chini ni paleti (ubao wa kuchanganyia rangi), kifuniko kinasimama na kushika kibao unachochorea, na stendi ya miguu mitatu inafungwa kwa chini. Ndani ya kifuniko kuna mifereji ya kuchomeka vibao viwili vibichi visigusane.

Mifereji hiyo ndiyo iliyonitoa pesa, maana rangi zangu za mafuta zinachelewa kukauka. Sisemi ile rangi ya mafuta ya mageti, ambayo mchoraji Edward Saidi Tingatinga alianzia nayo mwaka 1968; hiyo ukiilaza usiku mmoja, asubuhi imekauka. Zangu ni za tyubu, zimesagwa kwa mafuta ya kitani. Hazikauki kama nguo kwenye kamba: mafuta yanavuta hewa taratibu mpaka yagande, na nyeupe ya titani inaweza kubaki mbichi wiki nzima. Zamani nilirudi na daladala kutoka ufukwe wa Igombe nimebeba kibao kama trei ya mayai, na bado kuna abiria alishuka na kipande cha ziwa begani.

Igombe nafika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mitumbwi ya dagaa inarudi. Mawe ambayo mchana kila mtu anayaita ya kijivu, saa hiyo yana zambarau upande wa kivuli, na upande wa jua yana rangi ya chai ya maziwa. Maji ya karibu na nchi kavu si ya buluu hata kidogo, ni kijani chenye udongo ndani yake. Nayapata kwa ultramarini, ile buluu iliyokoza, na oka ya njano, njano ya udongo, kisha nayachafua kwa sienna iliyochomwa, hudhurungi yenye wekundu. Dagaa walioanikwa mchangani wanamulika kama bati jipya, lakini rangi ya fedha sina. Nachanganya kijivu cha aina tatu, nadonoa nyeupe, basi. Na haya yote kwa haraka, maana huku jua linapanda wima na kufika saa tatu vivuli vimeshajikunja. Mzee mmoja anayeshona nyavu aliniamkia "Mwangaluka", akaitazama picha, akasema, "Mwanangu, mtumbwi wako ni wa saa moja, kivuli chake cha saa tatu." Nilikuwa nimekifukuzia kivuli asubuhi nzima. Siku hizi naweka vivuli kwanza, sivigusi tena.

Bawaba za kifuniko zinabana kwa pembe yoyote, kwa hiyo nageuza kibao kikae kivulini. Hili ni kubwa kuliko linavyosikika. Jua likipiga kibao, rangi zinang'aa, nawe unazidi kutia giza; ukiitundika nyumbani, picha inaonekana imechorwa usiku.

Sasa kero. Paleti ilikuja mbao tupu, nyeupe, inanyonya mafuta na kudanganya jicho. Niliipaka mafuta ya kitani mara tatu, nikifuta na kusubiri kila mara, sasa ni ya hudhurungi na sikosei sana. (Vitambaa vyenye mafuta hayo usivirundike kwenye ndoo, vinaweza kushika moto vyenyewe. Vitandaze nje au viloweke majini.) Stendi ni nyepesi mno. Jua likishapanda, upepo unatoka ziwani kuja nchi kavu, na siku ya kwanza sanduku lilianguka kifudifudi mchangani, na picha yake. Sasa naning'iniza mfuko wa mawe katikati ya miguu. Kwa mawe, Mwanza hatujawahi kupungukiwa. Skrubu ziliota kutu mwezi wa pili. Nilimwandikia muuzaji mara tatu, akanijibu kwa kidole gumba. Fundi seremala wa mtaani aliniwekea za shaba.

Vile vijidudu vinavyopanda ziwani kama moshi navyo vikija, funga kifuniko upesi. Vilivyoniwahi bado vimo kwenye rangi, nimeviacha.

Ningelinunua tena, ila stendi ningechukua kwa mtu mwingine. Na pima vibao vyako kabla hujalipa: kilichozidi sentimita 30 kwa 40 hakiingii kwenye mifereji.