Barua pepe ya biashara Kisumu: uliza itifaki kabla ya kuuliza bei

Muuzaji wa kifurushi cha barua pepe atakutajia gigabaiti na bei ya mwaka. Kabla hujamtumia pesa, muulize kwanza: barua zitanifikia kwa itifaki gani, yaani kwa kanuni zipi za kupokezana barua kati ya kifaa changu na seva, kompyuta ya mtoa huduma? Jibu lake ndilo litakaloamua kama LPO (oda rasmi ya mteja) iliyoingia asubuhi utaiona ukiwa Ahero kwa mteja, au itabaki ndani ya kompyuta moja dukani, barabara ya Oginga Odinga.

Chaguo langu la kwanza ni IMAP, bila kusita. Mark Crispin aliibuni mwaka 1986 akiwa Stanford, na wazo lake bado linafaa: barua zinakaa kwenye seva, simu na kompyuta zote zinatazama kikasha kimoja. Karani akifungua oda, kwako inaonekana imesomwa. Akiijibu, unaona imejibiwa, kwa hiyo mteja hapati bei mbili tofauti kutoka duka moja. Halafu kuna suala la bando. Programu inaweza kuomba jina la mtumaji, mada na tarehe tu, ikaacha kiambatisho hadi utakapokigusa. Ramani ya nyumba yenye megabaiti 20 haitakumalizia bando ukiwa kwenye matatu ya Busia.

Ina gharama zake. Kikasha hujaa, na ukifuta barua kwenye simu, imefutika kila mahali. Duka linalopokea picha na PDF kila siku lisikubali gigabaiti moja kwa mtumiaji, na nakala ya pembeni ni lazima.

Ya pili ni Exchange ya Microsoft, inayobeba kalenda na orodha ya anwani pamoja na barua. Kwa sacco au chuo chenye ofisi kadhaa, inafaa. Duka la watu watatu litakuwa linalipia, kwa kila mtumiaji, vitu lisivyovihitaji.

Ya tatu ni huduma ya kusomea kwenye kivinjari tu. Saibani inatosha kabisa, lakini stima ikipotea na waifai ikaenda nayo, mara nyingi hata barua ya jana huioni. Angalia pia masharti: Proton Mail, kwa mfano, huruhusu IMAP kwa wanaolipa tu, tena kupitia programu yake ya Bridge kwenye kompyuta.

Ya mwisho ni kifurushi chenye POP3 peke yake, itifaki ya kupakua barua kutoka kwenye seva hadi kwenye kompyuta. Si kwamba ilitengenezwa vibaya. Kompyuta inapopakua barua, amri ya kufuta, DELE, huweka alama tu. Seva hufuta kweli pale programu inapoaga kwa QUIT. Laini ikikatika katikati, barua zako bado zipo. Tatizo huja baada ya kuaga: nakala pekee imebaki kwenye diski ya kompyuta hiyo. Ikiibwa au diski ikifa, umepoteza oda, risiti na mazungumzo yote na wateja. Kwenye mipangilio kuna kisanduku cha kuacha nakala kwenye seva, kitie alama. Hata hivyo, majibu uliyotuma yatabaki kwenye kifaa ulichotumia, na simu haitajua kilichosomwa dukani. Ningeitumia tu kwenye kompyuta moja ya kuhifadhia nakala, vifaa vingine vikiwa na IMAP.

Usilipie mwaka mzima kabla ya kujaribu. Omba IMAP kwenye poti 993 (namba ya mlango wa seva), ambayo imesimbwa, pamoja na SMTP, itifaki ya kutuma, kwenye 465 au 587, kwa kuwa IMAP haitumi barua. Fungua akaunti kwenye simu na kompyuta, soma barua moja upande mmoja, uone kama upande wa pili umebadilika. Domeni yako ya .co.ke nayo iandikishwe kwa jina lako, si la muuzaji. Siku ukihama, utaingiza akaunti mbili za IMAP kwenye programu moja na kuvuta folda za zamani hadi kwenye mpya.