Mashine ya kunyonya vumbi la mbao, mota ya HP 2: nunua, ila badilisha mfuko

Ni ile yenye mfuko wa plastiki chini wa kupokea maranda, mfuko wa kitambaa juu, na mdomo wa milimita 100. Kwa karakana ya mitaa ya Arusha kama Unga Limited au Ngarenaro yenye mashine ya randa na msumeno wa meza, inafaa. Kwa kazi ya msasa, peke yake haitoshi.

Kwenye randa inafanya kazi nzuri, mradi inyonye mashine moja kwa wakati. Matawi ya bomba yanayokwenda mashine nyingine yafunge.

Shida kubwa ni mfuko wa juu. Kitambaa cha kawaida kinashika chembe za maikroni 30 hivi na kuendelea (maikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita), wakati vumbi linalofika ndani ya mapafu liko chini ya maikroni 10. Feni inalisukuma lipenye kitambaa na kulirudisha hewani, usawa wa pua ya fundi. Giza likiingia, mulika tochi ubavuni mwa mfuko mashine ikiwa inazunguka, utaliona likitoka kama moshi. Hili si jambo la kupuuza: IARC, shirika la utafiti wa saratani la WHO, ililiweka vumbi la mbao kwenye orodha ya visababishi vya saratani mwaka 1995, hasa saratani ya pua. Tafuta mfuko wa felti wa maikroni 1. Ukikosa, itoe mashine nje chini ya kibanda cha bati, mbali na dirisha la jirani.

Bomba la mikunjo lisizidi mita moja na nusu. Sehemu iliyobaki weka PVC ya inchi 4. Kona kali ya nyuzi 90 inaua mvuto, afadhali mbili za nyuzi 45. Umeme upewe laini yake ya waya wa 2.5 mm². Ukitumia ekstensheni ndefu na nyembamba, volti zinashuka, mota inanguruma bila kushika kasi, mwishowe inaungua.

Mwaga maranda kila jioni. Msumari ukinyonywa na kugonga feni unatoa cheche, na maranda yanaweza kufukuta usiku kucha kabla hayajawaka.

Wakati wa kupiga msasa, hasa msaji na mkongo, vaa barakoa ya kuchuja vumbi laini, ya daraja la FFP2 au N95. Kitambaa cha kujifunga usoni hakizuii vumbi laini, na ndevu zinaacha mwanya pembeni. Nguo usizipulize kwa kompresa.